Soko, Baraza na Bunduki: Historia ya Wanawake wa Amani wa Wajir

Kujihami kwa wanawake, kama kunavyoelezwa katika maandishi mengi ya miongo ya karibuni, ni ujuzi wa mwili. Katika mitaa ya Nairobi kama Korogocho, ambako wasichana wa shule na hata akina nyanya wamefundishwa namna ya kujikinga, somo huanza kwa sauti: mwanafunzi hujifunza kukataa kwa neno lisilo na woga, kupiga kelele zitakazowaleta majirani, na pale sauti isipofaa, kumpiga mshambuliaji machoni, kooni au kwenye kinena kisha kukimbia. Mafunzo hayo yamefanyiwa utafiti, yamesifiwa, na yamewaokoa wengi. Hata hivyo, katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambazo kwa pamoja ziliitwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi mfumo wa kaunti ulipoanza mwaka 2013, wanawake walijenga ulinzi wa aina nyingine uliozaliwa na hatari ya aina nyingine. Taasisi inayosimuliwa hapa ilianza mwaka 1993 kama kikundi cha wanawake wa mji wa Wajir waliokutana ili kuliokoa soko lao, na mwaka 1995 ikawa mojawapo ya nguzo za Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Haikujengwa juu ya ngumi, na pengine kwa sababu hiyo huwekwa katika historia ya usuluhishi tu, ilhali inapaswa pia kuhesabiwa miongoni mwa mifano mikubwa ya kujihami kwa jamii iliyoasisiwa na wanawake wa Kiafrika.

Sababu ya kusema hivyo iko katika sura ya mshambuliaji mwenyewe. Msichana wa mjini anayefundishwa kujinasua hufundishwa kumkabili mtu mmoja, ambaye mara nyingi anamfahamu: mpenzi, jirani, au jamaa wa nyumbani. Mwanamke wa Wajir wa mwaka 1992 alikabiliwa na kundi la watu wenye bunduki waliokuja usiku kwa jina la ukoo, na kosa lake halikuwa jambo lolote alilolitenda bali nasaba aliyozaliwa nayo au aliyoolewa nayo. Pigo la kiganja halizuii risasi. Aliyetaka kujikinga na hatari kama hiyo alilazimika kuanza mapema zaidi, siku au wiki kadhaa kabla ya bunduki kutolewa ndani, wakati ambapo uhasama ulikuwa bado neno la kisimani, mzozo wa malisho au tusi la sokoni. Na asingeweza kuanza peke yake, kwa kuwa habari za hatari inayomjia zilikuwa mikononi mwa wanawake wa ule ukoo mwingine.

Hatari hiyo ilikuwa na historia ndefu. Serikali ya kikoloni ililitenga eneo lote la kaskazini, lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, likawa eneo lililofungwa ambalo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali, na hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru, ilifungua vita vya miaka minne vilivyoitwa vita vya Mashifta. Vita vilikoma mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki hadi mwaka 1991, na chini ya sheria hizo vyombo vya dola vilikuwa na mamlaka ambayo Mkenya wa Nyeri au wa Kisumu hakuwahi kuyaonja katika kipindi hicho. Mnamo Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa moto katika operesheni ya adhabu. Mnamo Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kutoka mjini Wajir na viunga vyake, wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakalazwa juani bila maji kwa siku kadhaa, na wengi wakapigwa risasi. Wakati huohuo nyumba za mtaa wa Bulla Jogoo ziliteketezwa na wanawake walibakwa. Serikali ilikiri vifo 57, ilhali Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilihitimisha kwamba waliouawa walikaribia elfu moja.

Wagalla iliwaachia wanawake wa Wajir urithi mzito. Wajane walijifunza kuendesha nyumba bila wanaume, na biashara ndogondogo ya sokoni, hasa ya maziwa, mboga na nguo, ikawa tegemeo la familia nyingi. Jambo la pili, ambalo wanahistoria hawajalipa uzito unaostahili, ni kwamba waliona mfano wa mwanamke aliyesimama mbele ya wenye silaha. Annalena Tonelli, Mtaliano aliyeishi Wajir kwa miaka mingi akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu, alikwenda kuwatafuta majeruhi na kuokota maiti porini pamoja na wenyeji, na habari za mauaji hayo zikaufikia ulimwengu kwa mchango wake. Muda mfupi baadaye ilimbidi aondoke Kenya, na mwaka 2003 aliuawa Borama, Somaliland. Jambo la tatu lilikuwa la uchungu zaidi, kwa kuwa wanawake walitambua kwamba dola waliyoambiwa waitegemee kwa ulinzi ndiyo iliyokuwa imewadhuru, na hivyo kumkimbilia askari hakukuwa jibu lililojitokeza lenyewe kwa mtu aliyeogopa.

Mwaka 1991 mambo yalizidi kuwa mazito. Serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu mwezi Januari, na mpaka usio na kizuizi ukawa njia ya wakimbizi, ya askari waliotawanyika na ya silaha zilizouzwa kwa bei ya chini. Ukame wa miaka hiyo uliua sehemu kubwa ya mifugo, na wafugaji waliobakiwa na wanyama wachache walivigombea visima na malisho kwa nguvu ya bunduki. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulikuja juu ya hayo yote, na kwa kuwa viti vya bunge vilihesabiwa kwa koo, kila upande ulianza kumwona mwenzake kama mgeni anayepaswa kuondolewa. Mapigano ya koo za Waajuran na Wadegodia, na baadaye na ukoo wa Waogaden, yaliua watu ambao makadirio yanawaweka zaidi ya elfu moja katika miaka michache. Ng'ombe na ngamia waliibwa kwa maelfu, shule zilifungwa, na walimu na wauguzi waliotoka mikoa mingine waliondoka. Wilaya iliwekwa chini ya ulinzi mkali, lakini mapigano hayakukoma.

Soko la Wajir ndilo lililoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba mji ulikuwa umegawanyika. Hadi wakati huo muuza maziwa wa ukoo mmoja aliuza kwa mnunuzi wa ukoo mwingine bila kuulizana nasaba, na wachuuzi walikopeshana bidhaa na kuachiana meza za kuangalia. Katikati ya mwaka 1993 wanawake wa koo hasimu walianza kukataa kuuziana, kisha kutukanana, na hatimaye kupigana papo hapo sokoni, na mwanamke aliyetoka upande usiokuwa na nguvu siku hiyo alifukuzwa na bidhaa zake. Mahali pa mwisho ambapo koo bado zilikutana kila siku palikuwa panafungwa, na palipofungwa soko palifungwa pia chungu cha jikoni, kwa kuwa familia ya mjini isiyouza leo haili leo.

Wanawake waliolikabili jambo hilo walikuwa wachache, wengi wao wenye elimu na kazi mjini, na miongoni mwao alikuwamo Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964 na ambaye jina lake lilikuja kujulikana kuliko ya wenzake wote. Mazungumzo ya kwanza yalifanyika kandokando ya shughuli za kawaida za wanawake, mahali ambapo kukusanyika kwao hakukuhitaji ruhusa wala maelezo, kisha ukaitishwa mkutano mkubwa zaidi uliowaleta pamoja wanawake wa koo zote. Dekha mwenyewe alieleza baadaye kwamba usiku wa milio ya risasi ulimkuta amejificha na mtoto wake, na kwamba mama yake alimkumbusha kuwa yeye naye alikuwa amefichwa hivyohivyo alipokuwa mchanga, wakati wa vita vya Mashifta. Kizazi cha pili kilikuwa kinarithi maficho ya kizazi cha kwanza, na wanawake hao waliazimu kwamba cha tatu kisiyarithi.

Sharti walilowekeana ndilo lililoifanya taasisi hiyo iwe tofauti na mikutano mingi ya amani iliyofanyika kabla na baada yake. Kila aliyetaka kuingia aliulizwa iwapo angeendelea kufanya kazi na mwenzake hata kama kesho watu wa ukoo wa mwenzake huyo wangewaua ndugu zake, na asiyeweza kuitikia aliombwa asijiunge. Swali hilo halikuwa la mapambo. Watu walikuwa wanauawa kila wiki, na uwezekano wa mwanakikundi kupata habari ya msiba akiwa ameketi mkutanoni kando ya mwanamke wa ukoo uliouleta ulikuwa wa kweli kabisa. Mafunzo ya kujihami ya kawaida humzoesha mwanafunzi pigo la kuigiza ili lile la kweli lisimgandishe. Wanawake wa Wajir walijizoesha uchungu wa msiba kabla haujafika, ili utakapofika usiwatawanye.

Hatua iliyofuata ilikuwa ulinzi wa soko lenyewe. Iliundwa kamati ndogo ya wanawake wa koo mbalimbali iliyozunguka sokoni kila siku, ikasikiliza yanayosemwa, na ikatangaza kwamba mwanamke yeyote atakayezuiwa kununua au kuuza, au atakayetukanwa kwa ajili ya ukoo wake, apeleke habari kwa kamati badala ya kwa kaka zake. Kipengele hicho cha mwisho kina uzito mkubwa. Katika jamii ya Wasomali, ambamo kosa dhidi ya mtu mmoja ni kosa dhidi ya kundi zima linalolipa na kupokea fidia pamoja, tusi alilopewa mama sokoni asubuhi lingeweza kuwa shambulio la usiku, kwa sababu tu alilisimulia nyumbani. Kuipa habari hiyo njia nyingine ya kupita kulikuwa sawa na kuondoa risasi kwenye bunduki. Soko lilirudi kuwa la wote, na ushindi huo mdogo ulionekana kwa macho: bei, meza na wanunuzi vilishuhudia kabla ya hotuba yoyote kutolewa.

Lakini soko lilikuwa la wanawake, na vita vilikuwa vya wanaume. Mwanamke hakuwa na kauli katika baraza la wazee, ambalo kwa mujibu wa xeer, yaani sheria ya kimila ya Wasomali, ndilo lenye mamlaka ya kutangaza mapatano na kukadiria fidia. Wanawake hao hawakuanza kwa kudai viti; waliwaendea wazee, wakaeleza kwamba mapigano ya sokoni yameisha na yale ya porini yamebaki, na wakawaomba wayamalize. Wasomi wa kike wa leo wanaweza kuiona njia hiyo kuwa ya unyenyekevu kupita kiasi, na hoja yao ina nguvu, kama itakavyoonekana mbele. Kwa wakati ule, hata hivyo, ilikuwa njia ya pekee ambayo haingemfanya mzee wa ukoo kulikataa jambo kwa sababu ya aliyelileta. Mkutano wa kwanza wa wazee ulifunguliwa na mzee wa ukoo mdogo usiokuwa mhusika mkuu katika ugomvi, uteuzi uliofanywa kwa makusudi, kwa kuwa kila upande ungeweza kumsikiliza bila kujiona umeshindwa.

Kutokana na mikutano hiyo lilizaliwa kundi la wazee lililojulikana kama Al-Fatah, na mwishoni mwa Septemba 1993 koo hasimu zilitia saini azimio lililobeba jina hilo. Azimio liliweka kanuni za kurudisha mifugo iliyoibwa, za kulipa fidia ya damu, ambayo katika eneo lote huitwa diya, na za kuwataja wahalifu badala ya kuwaficha nyuma ya ukoo. Vijana nao walianzisha kundi lao, kisha wakafuata viongozi wa dini, wafanyabiashara na watumishi wa serikali, kila kundi likiwa na kazi yake. Vijana ndio waliokuwa wanabeba bunduki, na wafanyabiashara ndio waliokuwa na magari na fedha za mafuta, bila ambazo hakuna mjumbe anayeweza kufika kwenye kambi ya malisho iliyo mbali na mji.

Mwaka 1995 makundi yote hayo yaliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na kamati hiyo ikawekwa ndani ya muundo wa maendeleo wa wilaya, mkuu wa wilaya akiwa mwenyekiti wake. Uamuzi huo ulikuwa na faida na gharama. Faida yake ni kwamba kazi iliyokuwa ya hiari ilipata uhalali wa kiserikali, na polisi waliokuwa wanaogopwa wakakaa meza moja na wale waliowaogopa. Gharama yake ni kwamba kikundi cha wanawake, ambacho ndicho kilichoanzisha yote, kikawa kiungo kimoja kati ya vingi, na mtu anayesoma orodha ya wajumbe bila kuijua historia angeweza kudhani kwamba wanawake waliongezwa baadaye ili kutimiza idadi.

Chombo mashuhuri zaidi cha kamati kilikuwa kikosi cha mwitikio wa haraka, kundi la wazee, wanawake, viongozi wa dini na maafisa wa usalama waliokwenda mahali popote palipotokea wizi wa mifugo au mauaji kabla kisasi hakijapangwa. Saa za mwanzo ndizo zilizokuwa na thamani. Kikosi kilipofika mapema kiliwakuta vijana bado wanakusanyika, na mwanamke wa ukoo uliofiwa aliyekuwa ndani ya kikosi aliweza kuingia kwenye maombolezo, mahali ambapo mgeni wa kiume asingekaribishwa, na kuzungumza na mama na wake wa marehemu. Sauti ya wanawake msibani ilikuwa imetumika kwa vizazi vingi kuchochea kisasi kwa mashairi na kejeli dhidi ya mwanamume aliyechelewa kulipiza. Kuigeuza sauti hiyohiyo iwe ya kuzuia kulihitaji ujasiri ambao hauna cheti. Kamati iliadhimisha pia Siku ya Amani ya kila mwaka, ambapo machifu waliotunza usalama katika maeneo yao walitunukiwa zawadi hadharani.

Ujuzi uliokusanywa kwa njia hiyo ulikuja kuandikwa na kufundishwa. Dekha Ibrahim alifanya kazi ya ukufunzi na shirika la Responding to Conflict lililokuwa Birmingham, Uingereza, na alikuwa miongoni mwa waandishi wa kitabu cha mafunzo *Working with Conflict* kilichotoka mwaka 2000 na kutumiwa na wakufunzi wa nchi nyingi. Zana zilizomo katika kitabu hicho ni rahisi kuzieleza. Mti wa mgogoro ni mchoro ambao washiriki huandika chanzo cha ugomvi mizizini, tatizo lenyewe shinani na matokeo yake matawini, kisha hubishana juu ya kipi kiwekwe wapi, na ubishi huo ndio somo. Mfuatano wa matukio ni orodha ya tarehe ambayo kila upande huiandika peke yake, na zinapolinganishwa hudhihirika kwamba siku ambayo upande mmoja unaikumbuka kama mwanzo wa vita, upande wa pili hauikumbuki kabisa. Zana ya kitunguu hutenganisha kile mtu anachokitamka hadharani, kile anachokitaka hasa, na kile ambacho hawezi kuishi bila kukipata. Hakuna kati ya zana hizo inayohitaji kalamu. Zinaweza kuchorwa mchangani, na kwa mafunzo ya wafugaji jambo hilo lilikuwa la lazima.

Wakati Wajir inajenga taasisi yake, upande wa Garissa ulikuwa na msiba wake. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizoanzishwa karibu na Dadaab mwaka 1991 na 1992, zilizungukwa na vichaka ambamo wanawake wakimbizi walilazimika kuingia kutafuta kuni, na humo majambazi waliwabaka. Mwaka 1993 mamia ya kesi yaliorodheshwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilianzisha mradi wa kuwasaidia wanawake walioathirika na ukatili, ukapandwa ua wa miiba kuzizunguka kambi, zikaundwa kamati za wakimbizi za kupambana na ubakaji, na tangu 1998 ukaendeshwa mradi wa kugawa kuni ili mwanamke asilazimike kwenda mbali. Tathmini ya mradi huo ilionyesha kwamba ubakaji wakati wa kutafuta kuni ulipungua katika vipindi ambavyo kuni ziligawiwa kwa ukamilifu, lakini matukio ya mahali pengine yaliongezeka. Ulinzi unaoletwa kwa lori hukoma lori linapokosa kuja, na mshambuliaji aliyezuiwa porini hutafuta mlango mwingine. Hapo ndipo uzito wa mfano wa Wajir unapoonekana, kwa kuwa uliwashughulikia wenye silaha wenyewe na jamii iliyowalisha, wala haukuishia kwenye njia aliyopita mwathirika.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuisifu taasisi hiyo bila kusema ilipokwama, na ilikwama mapema. Mnamo Oktoba 1998 shambulio la Bagalla, lililotokana na uhasama wa jamii ya Waborana na ukoo wa Wadegodia, liliua zaidi ya watu mia moja, na lilithibitisha kwamba kamati ya wilaya moja haiwezi kuzuia hatari inayovuka mipaka ya wilaya. Jibu lilikuwa Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililofanyiwa marekebisho Garissa mwaka 2005, ambalo liliziunganisha wilaya za kaskazini chini ya kanuni za pamoja za malisho, silaha, wizi wa mifugo na fidia. Azimio hilo lilisifiwa kote nchini kama kilele cha juhudi iliyoanzia sokoni. Ndani yake, hata hivyo, fidia ya mwanamume aliyeuawa iliwekwa kuwa wanyama mia moja na ya mwanamke hamsini. Wanawake ndio waliolitoa wazo, wakaligharimia kwa miguu yao na kwa misiba yao, na lilipofika kwenye karatasi uhai wao ulihesabiwa nusu. Watetezi wa kanuni hiyo huitaja mila na mafundisho ya fikihi kuhusu diya, na ni kweli kwamba wazee hawakuibuni. Lakini azimio lenyewe lilikuwa mkataba mpya ulioafikiwa na watu walioketi pamoja, na mkataba unaweza kuandikwa kwa namna nyingine na watu wengine wakiwapo.

Uenezi wa mfano wa Wajir nje ya kaskazini ulikuwa wa haraka. Mwaka 2001 serikali iliunda Kamati ya Taifa ya Uendeshaji wa Ujenzi wa Amani na Usimamizi wa Migogoro katika Ofisi ya Rais, na kamati za amani za wilaya zikaanza kusambazwa. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, Dekha Ibrahim alikuwa miongoni mwa Wakenya watano walioongoza jitihada ya Wananchi Wanaojali Amani pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Daniel Opande, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na George Wachira, na makubaliano ya kitaifa yaliyofuata yalizipa kamati hizo nafasi katika wilaya zote. Mwaka 2007 alikuwa amepokea Tuzo ya Right Livelihood, ambayo watu wengi huiita Nobeli mbadala. Mnamo Julai 2011, akisafiri kuelekea Garissa kwa shughuli za amani, gari lake lilipata ajali iliyomuua mumewe na dereva, na yeye alifariki siku chache baadaye hospitalini Nairobi. Kifo chake kilikuwa pigo kwa nchi nzima, na katika kuomboleza huko vyombo vya habari vilimtaja mara nyingi kana kwamba alifanya kazi peke yake, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikanusha kila alipopata nafasi.

Hatari ya muongo uliofuata ilikuwa ya sura mpya. Wapiganaji wa Al-Shabaab hawakuja kwa jina la ukoo bali kwa jina la dini, na walilenga kuwatenganisha Wakenya kwa imani zao. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wasio Waislamu walitolewa katika basi karibu na Mandera wakauawa, na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wavamizi waliposimamisha basi jingine karibu na El Wak mnamo Desemba 2015 na kuwaamuru abiria wajitenge kwa dini, abiria Waislamu walikataa, na kabla ya hapo baadhi ya wanawake walikuwa wamekwisha kuwapa wenzao Wakristo hijabu za kujifunika ili wasitambulike. Salah Farah, mwalimu aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi na kufariki mwezi uliofuata kutokana na majeraha. Hakuna ushahidi kwamba abiria hao walipitia mafunzo ya kamati yoyote, na haifai kudai hivyo. Kilicho wazi ni kwamba walichofanya kilikuwa kilekile ambacho wanawake wa soko walikiwekea sharti mwaka 1993: kukataa kumtoa mwenzao kwa sababu ya kundi alimozaliwa.

Swali gumu zaidi kwa warithi wa taasisi hii halihusu wavamizi kutoka nje. Linahusu maslaha, utaratibu ambao wazee wa pande mbili huketi na kumaliza kesi kwa fidia bila kufika mahakamani, na ambao Kaskazini Mashariki umetumika mara nyingi kumaliza kesi za ubakaji na za kuwaoza watoto. Msichana aliyebakwa hulipiwa mifugo au fedha zinazopokelewa na wanaume wa familia yake, na yeye hubaki katika kijiji kimoja na aliyemdhulumu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, iliweka uamuzi wa kusitisha mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, mamlaka ambayo chini ya Katiba ya 2010 yamekuwa ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kwa hiyo mapatano ya wazee hayana nguvu ya kisheria ya kuifuta kesi. Kiutendaji, hata hivyo, shahidi anayekataa kufika mahakamani huifuta kesi kwa ukamilifu kuliko hakimu yeyote.

Ugumu wa jambo hili kwa wanawake wa amani ni wa pekee, kwa sababu baraza linaloketi kufanya maslaha ni mamlaka ileile ya wazee waliyoiendea mwaka 1993 na kuirudishia heshima. Walipolihitaji baraza hilo kukomesha vita liliwasaidia. Wanapolihitaji likae kando ili sheria ichukue mkondo wake, mara nyingi limewanyima. Mashirika ya wanawake, likiwamo Womankind Kenya la Garissa, yamelikabili jambo hilo kwa kuzifuatilia kesi, kuwaelimisha wazazi na kuzungumza na wazee, na mwanzilishi wake, Sophia Abdi Noor, anaujua uzito wa mamlaka hayo kwa nafsi yake: mwaka 2007 alishinda uteuzi wa chama katika jimbo la Ijara, wazee wakakataa asimame kwa kuwa ni mwanamke, na ilichukua miaka kumi hadi mwaka 2017 kwa wapiga kura wa Ijara kumfanya mwanamke wa kwanza kutoka Kaskazini Mashariki kuchaguliwa mbunge wa jimbo. Kiti chake kilipatikana kwa kura, wala hakikuombwa kwa mtu, na tofauti hiyo inaonyesha umbali uliotembewa tangu wanawake wa soko walipokwenda kubisha hodi kwa wazee.

Kazi iliyobaki inaweza kutajwa kwa vipengele vyake bila kuzunguka. Kamati za amani za Garissa, Wajir na Mandera zina wajumbe wanawake, lakini fidia ya nusu haijafutwa katika desturi, na mwanamke bado ni nadra kuketi ndani ya maslaha inayoamua kesi ya mwanamke mwenzake. Kamati ya soko ya 1993 ilifanikiwa kwa kuibadilisha njia ambayo habari ya kosa ilipitia, kutoka kwa kaka kwenda kwa kamati. Kwa kesi za ubakaji njia hiyo haijabadilishwa: habari bado huanzia nyumbani, hupita kwa baba na wajomba, na hufika kwa wazee kabla ya kufika hospitalini, ambako ushahidi wa mwili unapaswa kuchukuliwa na dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI kuanzwa ndani ya saa 72.